Jongoo Mezani

Mara ya kwanza mama wa mchumba wangu aliponishika mkono, hakusema karibu wala hujambo. Alivikunja vidole vyangu, akavikunjua, akakigeuza kiganja juu, kisha akamtupia mwanawe neno moja la Kichina. Nilimuuliza mchumba wangu neno lile lina maana gani. Akazunguka weee, akanieleza habari za bibi yake, habari za kijiji chao karibu na Hong Kong, mwisho akakiri: "Amesema baridi." Ilikuwa Novemba, London, na nilikuwa nimesimama kituo cha basi muda mrefu bila glovu. Mkono wa nani ungekuwa moto?

Lakini kwa yule mama, mkono baridi haukuwa habari ya hali ya hewa. Ilikuwa habari ya damu na uzazi. Kwa elimu aliyoirithi kwa mama yake, vyakula vyote vimegawika, kuna vya joto na kuna vya baridi, na wakati wa kipupwe mtu anatakiwa ajaze joto ndani kama mwenye nyumba anavyojaza makaa. Anayekula matango, matikiti na saladi, tena akashushia maji ya bomba, huuzima moto wake mwenyewe kidogo kidogo, na mwanamke aliyezimika hana cha kumpashia mtoto tumboni. Mimi, kwa alivyoniona, nilikuwa nimezimika. Nilirudi nyumbani nimefura. Nilikuwa karani wa idara ya nyumba ya halmashauri, nimesoma masomo ya jioni mpaka nikapata vyeti vyangu, halafu mtu ananibonyeza kama embe la sokoni.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Mama yangu angekubaliana naye neno kwa neno. Kwetu Pemba nako baridi ni adui. Nimekua naambiwa usikae sakafuni, usinywe maji ya friji, usioge asubuhi ukiwa kwenye siku zako. Mtu akipiga chafya anapewa uji wa pilipili manga. Akizaa, ndiyo kabisa, anapikiwa mchuzi wa kuku wa tangawizi unaomtoa machozi, na anafungiwa ndani asipigwe na upepo. Tangu tulipofika Uingereza, miaka kadhaa baada ya Mapinduzi, Mama hakuacha kusema kwamba baridi ya nchi hii imemuingia kwenye mifupa na haitaki kutoka. Alilala na soksi. Alishona nguo za watu nyumbani kwetu Ilford huku hita ikiwa miguuni pake, na bado alitetemeka.

Kwa hiyo wanawake wale wawili walikuwa na mengi ya kuzungumza. Shida ni kwamba Mama hakutaka kumuona.

"Mchina?" aliniambia siku niliyomueleza. "London nzima hii, umekosa watu?"

"Yuko tayari kusilimu, Mama. Keshaanza kusoma."

"Kusilimu ni baina yake na Mola wake. Mie nataka kujua nyumba anayotoka. Mie mtoto wa nyumba, si mtoto wa ufukweni."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Mama alikuwa mtoto wa nyumba. Baba yake, kwa maneno yake, alikuwa na mashamba ya mikarafuu, watumishi, na nyumba ya mawe Wete mjini. Wanawake wa kwetu waliokuja kuchukua nguo zao walimsikiliza kwa heshima, na yeye akapima mabega yao huku akiyataja mashamba. Hakuna aliyebisha. Mapinduzi yalichukua mashamba ya watu wengi, na tukifika London yakachukua hata ya wale ambao hawakuwahi kuwa nayo. Mimi nilimwamini Mama, maana sikuwa na sababu ya kutomwamini. Hata kovu lake nililiamini. Alikuwa na kovu kubwa mkono wa kushoto, ngozi imevutika na kung'aa kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, na siku zote alisema lilitokana na sufuria la halwa, siku ya arusi ya shangazi yake, nyumba imejaa wageni.

Baba yangu alikuwa ameshafariki. Walii wangu alikuwa ami yangu, naye aliniambia wazi kwenye simu: "Mie ntakuozesha siku ile mama yako akisema ndiyo. Asiposema, usinipigie." Nikaenda kwa Mama, nikambembeleza, nikalia, nikanuna wiki nzima. Mwisho akaweka sindano chini.

"Haya. Ntakwenda kwao mara moja. Ntakaa, ntakula kilicho halali, ntawatazama. Halafu ntakwambia. Nikisema la, ni la, na usirudi tena kuniuliza."

Upande wa pili mambo yalikuwa yale yale. Mchumba wangu alikuwa mtoto pekee wa mjane, na mama yake alimwambia kwamba mwanamke wa mikono baridi hamtaki, lakini atamlisha kwanza aone kama anashika moto. Siku ilichaguliwa na yeye. Kuna siku moja Desemba ambayo ni fupi kuliko zote, na kwao ndiyo siku ambayo baridi imefika mwisho wake, basi watu wa nyumba moja hukaa pamoja wakala vyakula vya joto. Nilipomwambia Mama, akauliza tu: "Nyama wananunua wapi?"

Nyama alinunua mchumba wangu mwenyewe, Ilford, kwa mchinjaji wetu. Alinunua na sufuria mpya, na visu vipya, na akamkataza mama yake kutia mvinyo wa mchele kwenye chakula. Walikosana kwa ajili hiyo. Yule mama alisema mwanakondoo bila mvinyo ni maiti, na kwamba sufuria zake ni safi kuliko za malkia. Mchumba wangu alinisimulia akicheka, lakini nilijua hakucheka alipokuwa jikoni.

Tulikwenda Jumapili. Tulipanda treni mpaka Stratford, kisha basi mpaka Limehouse, Mama kavaa koti juu ya baibui, na soksi mbili mbili ndani ya viatu. Mikononi alishika bakuli la visheti lililofunikwa kwa kitambaa. Walikuwa wakikaa ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa imekufa. Tulipanda ngazi, na kila ghorofa Mama alisimama, akashika chuma cha ukuta, akanitazama. Nilijua anahesabu dhambi zangu. Saa kumi kiza kilikuwa kimeshaingia, na upepo ulikuwa unapiga kwenye vioo vya ngazi vilivyovunjika.

Yule mama alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mfupi, nywele kazikata fupi, kavaa kizibao cha pamba kilichojazwa mpaka kikasimama. Alimtazama Mama kutoka juu mpaka chini, Mama naye akamtazama kutoka chini mpaka juu. Kisha akapokea visheti, akafunua, akachukua kimoja akakinusa, akasema maneno mengi.

"Anasema," mchumba wangu akaninong'oneza, "vimekaangwa, kwa hiyo vina joto, lakini ni joto la kupanda kooni, si la kushuka kwenye mifupa."

"Kasemaje?" Mama akauliza.

"Anashukuru," nikasema.

Chumba kilikuwa kidogo na kilikuwa moto, alhamdulillahi. Madirisha yote yalilowa mvuke. Mama alivua koti bila kuambiwa, na hilo nililiona kuwa ni jambo kubwa. Tulikaa wanne kwenye meza ya kukunja. Kwanza kilikuja kikombe cha maji ya tangawizi na sukari nguru, ndani yake yanaelea madonge madogo meupe ya unga wa mchele. Mama alikisogeza kikombe puani. Akanywa. Akanywa tena.

"Kaipondaponda vizuri hii," akasema. "Haikusagwa."

Nikatafsiri kwa Kiingereza, mchumba wangu akatafsiri kwa Kikantoni, na yule mama akaitikia kwa kichwa, uso wake haujabadilika, lakini akamuongezea. Ikaja nyama ya kondoo iliyochemka asubuhi mpaka jioni pamoja na mdalasini, tende nyekundu kavu na maganda ya chungwa yaliyokaushwa. Yule mama akawa anatangaza kila kitu kinakwenda wapi mwilini: mdalasini unashuka miguuni, tende zinaongeza damu, maganda yanafungua kifua. Mama akawa ananiuliza, nami namjibu, na mara mbili alisema, "Kweli hiyo." Mara moja wakakubaliana juu yangu. Yule mama alinionyesha kwa kijiti chake cha kulia akisema kitu, na mchumba wangu akasita kunitafsiria, lakini Mama hakungoja.

"Anasema huyu mtoto anakunywa maji ya baridi," Mama akasema. "Si ndo asemalo? Mwambie na mie nshasema mpaka nimechoka."

Nilianza kupumua. Nilimtazama mchumba wangu, naye akanitazama, na goti lake likagusa langu chini ya meza. Nikajiambia kwamba tumepita. Ujinga wangu.

Yule mama aliingia jikoni, akatoka na sahani yenye mfuniko ameibeba kwa mikono miwili. Alizungumza taratibu safari hii, na mchumba wangu akakaa vizuri kabla ya kutafsiri. Hiki, alisema, hakupiki kwa watu hivi hivi. Amekiloweka siku nyingi, akibadilisha maji asubuhi na jioni, na hapana mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Ni kwa mgeni ambaye baridi imemuingia sana, maana joto lake haliunguzi, linakwenda polepole mpaka kwenye mafigo na linakaa huko. Akafunua. Katika mchuzi mzito wa kahawia, katikati ya uyoga na majani mabichi, vilikuwa vimelala vitu vyeusi, vinene, vinavyong'aa, vyenye vijinundu mgongoni. Akachagua kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye bakuli la Mama.

Mama alikitazama. Nikaona uso unamsawijika.

"Hiki nini?"

Nikamuuliza mchumba wangu, naye akanitajia kwa Kiingereza. "Kitu cha baharini, Mama. Kama samaki. Halali."

"Sikukuuliza kama halali. Najua kama halali. Nakuuliza nani kawambia?"

"Kawaambia nini?"

"Usinifanye mjinga! Nani kawambia watu hawa?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mama akisema kwa sauti ndogo ni hatari kuliko akipiga kelele. "Mmenileta mpaka huku juu, mkanikalisha, mkanipa tangawizi, kumbe mnataka kunitilia jongoo mbele yangu. Ili nijue mie nani. Ndo maana yake, si ndiyo?"

Sikuelewa hata neno moja. Nilijua jongoo wa pwani ni nini, kila mtoto wa Pemba anajua, ni kile kidude kinachojilaza mchangani maji yakitoka, ukikibonyeza kinakutapikia nyuzi nyeupe zinazonata. Hakuna anayekula. Nilidhani amechukizwa tu, na nikaanza kusema, Mama, huhitaji kula, weka pembeni. Lakini alikuwa ameshasimama na ametupa koti begani.

"Kuna nini?" mchumba wangu akauliza. Yule mama alikuwa hana haja ya kutafsiriwa. Alikuwa anaona mgeni amesimama mbele ya chakula alichokitunza siku nyingi. Masikio yake yakawa mekundu. Alisema maneno machache, makavu, na mchumba wangu akafumba macho.

"Niambie," nikamwambia.

"Anasema asiyetaka chakula chake hamtaki mwanawe. Anasema basi, imekwisha."

Akanyoosha mkono kuliondoa bakuli. Nilijua kabisa kwamba bakuli lile likirudi jikoni, hakuna ami, hakuna nikaha, hakuna tena siku ya pili. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili. Nilitaka kulipasua lile lidude kwa kisu. Lakini kabla vidole vya yule mama havijakaza kwenye ukingo wa bakuli, mkono wa Mama ulishuka ukaushika upande wa pili.

"Aache," Mama akasema.

Walibaki hivyo, kila mmoja kashika ukingo wake, mchuzi unatikisika katikati. Hakuna aliyevuta na hakuna aliyeachia. Mkono wa baibui la Mama ulikuwa umepanda juu, na kovu lake lote lilikuwa wazi chini ya taa. Yule mama aliliona. Mama naye aliona kwamba ameliona, na hakulifunika.

"Tafsiri," Mama akaniambia bila kunitazama. "Na leo usiongeze wala usipunguze. Usifikiri sijui kama visheti havikushukuriwa."

Nikakaa vizuri.

"Wambie mie nimewaokota hawa. Toka mdogo sana, kabla sijavunja ungo. Maji yakitoka natembea mpaka kwenye mwamba na ndoo, mgongo umeinama, mpaka maji yarudi. Tukiwapasua matumbo. Tukiwachemsha kwenye pipa, tukiwafukia mchangani walale, tukiwafukua wananuka, tukiwasugua kwa majani ya mpapai mpaka ngozi itoke, tukiwachemsha tena, tukiwaanika. Hiyo harufu haitoki mkononi. Nlikuwa nakwenda chuoni kusoma Kurani, wenzangu wanasogea mbali."

Nilitafsiri. Mdomo wangu ulikuwa unatafsiri, lakini kichwa changu kilikuwa kinatafuta mashamba ya mikarafuu, na kila sentensi ilikuwa inang'oa mti. Mchumba wangu alinipokea maneno akayapeleka kwa mama yake, polepole, sauti yake ikishuka.

"Wambie mkono huu si halwa. Hapakuwa na halwa. Hapakuwa na arusi. Pipa lilipinduka. Nlikuwa nakoroga, lilikuwa kubwa kuliko mie." Akavuta pumzi. "Na Mchina wa Wete akija kununua, anambonyeza jongoo, anamnusa, analipa. Mie nimesimama mbele yake na mkono umefungwa matambara, hakunitazama usoni hata siku moja. Na sisi hatukujua anawapeleka wapi. Wengine wakisema gundi. Wengine wakisema soli za viatu. Hapana mtu alosema kama analiwa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Umemaliza?"

"Bado," nikasema, maana nilikuwa nimekwama kwenye matambara. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekasirika, sijui kwa nani. Kwa nini hukuniambia, nilitaka kusema. Ungeniambia mimi, kwanza, kwenye chumba chetu, kwa lugha yetu. Badala yake ilinibidi niyasikie huku natafsiri, kama mkalimani wa watu wa mbali.

Mchumba wangu alimaliza. Hita ilikuwa inagongagonga. Yule mama alikuwa bado kashika bakuli, macho yake kwenye mkono wa Mama. Halafu akauliza kitu kifupi.

"Anauliza ulipakwa nini," nikasema. "Ulipoungua."

Mama hakutegemea swali lile. "Asali," akasema. "Asali na majivu ya usumba wa nazi."

Jibu lilikwenda, likafika, na yule mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia mtu aliyesikia jibu lenye akili. Kisha akazungumza, na safari hii hakumtazama mwanawe, alimtazama Mama moja kwa moja, kama kwamba Kikantoni chake kingeeleweka tu akikisema vizuri. Alisema amemla jongoo mara chache maishani, siku ya arusi yake na siku alipotoka uzazini, na siku zote alimuona kwenye chupa ya dukani akiwa mkavu na mgumu kama jiwe. Alijua anatoka mbali. Alijua bei yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto anayekoroga.

Akaliachia bakuli. Hakulirudisha jikoni na hakumsogezea Mama. Aliliachia tu pale lilipokuwa.

Mama alikaa. Koti lilikuwa bado begani, upande mmoja umeanguka. Aliangalia vijiti, akaviona havifai, akachukua kijiko. Akamkata jongoo, na kijiko kiliteleza mara mbili kabla hajakatika. Akasema bismillahi kwa sauti, akatia mdomoni. Akatafuna. Sisi watatu tulikuwa tunamtazama taya. Akaendelea kutafuna. Akameza.

"Hana ladha," akasema.

Nikamtazama mchumba wangu.

"Nasema hana ladha. Muulize, ndo alivyo, au kakosea kupika?"

Niliogopa kutafsiri, lakini nilikuwa nimeshaambiwa nisipunguze. Mchumba wangu aliponisikia akakohoa kuficha kicheko. Yule mama hakucheka wala hakukasirika. Alijibu kama mwalimu: jongoo hana ladha yake mwenyewe hata kidogo, anakunywa ladha ya mchuzi, kazi yake si ladha.

"Hana ladha," Mama akarudia. "Miaka yote ile." Akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka, na Mama yangu akalia mezani kwa watu, kitu ambacho sikuwahi kumuona akikifanya hata siku ya maziko ya Baba. Hakujifunika uso. Aliyafuta machozi kwa mtandio wake, akapenga, akachukua kipande kingine.

"Na joto? Mbona silioni? Muulize joto linaanza lini."

Jibu likarudi: si leo. Si kwa bakuli moja. Baridi ya miaka mingi haitoki kwa siku moja, inataka ale kipupwe kizima, na kipupwe cha pili, na akae karibu na mtu anayejua kumpikia.

Mama alilisikiliza jibu hilo akiwa ameinamisha kichwa. Aliniangalia, akamwangalia mchumba wangu, ambaye alikuwa hajala chochote tangu sahani ifunuliwe na jasho lilikuwa linamtoka. Akamwangalia kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile alilolitumia kupima mabega ya watu. Nilisubiri ile la yake. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kwa ngazi za kushuka, mimi mbele, yeye nyuma, na treni ya kurudi Ilford, na wiki zote ambazo ningekuwa simsemeshi.

Badala yake alilisukuma bakuli mbele yangu.

"Kula," akasema.

"Mama, mie..."

"Kula, nakwambia. Nyumba hii ukiingia ndo utakacholishwa, na hutanifedhehesha kwa uso huo. Mie nimewaokota. Sasa wewe utawala."

Ilinichukua muda kuelewa nimepewa nini. Mchumba wangu alielewa kabla sijamtafsiria. Niliona mabega yake yanashuka. Nikachukua kijiko cha Mama, chenye mchuzi wake, nikatia mdomoni kipande kile kilichobaki. Kilikuwa kinateleza, kilikuwa kinavutika kwenye meno, na Mama alisema kweli, hakikuwa na ladha ya kitu chochote. Nilikitafuna huku machozi yananiingia mdomoni, kwa hiyo nikaonja chumvi.

Mama alinitazama mpaka nikameza. Kisha akanishika mkono, akavikunja vidole vyangu, akakigeuza kiganja juu, akamgeukia yule mama na kumwambia neno moja kwa Kiingereza chake cha dukani, kwamba ni baridi. Hilo neno yule mama alilijua. Akachukua vijiti vyake, akaniongezea jongoo wa pili.